HESABU YA WAGONJWA NI AMANA

Kila masika inapokaribia, na mitaro ya Tandale, Manzese, Keko na Mbagala inapoanza kufurika, kipindupindu huwa ni jambo la kuzungumzwa tena katika ofisi za serikali na katika vyumba vya habari. Matangazo hutolewa, dawa ya kutibu maji hugawiwa, na waandishi hutumwa mitaani. Lakini liko jambo moja ambalo halijapata kuzungumzwa kwa kiasi kinachostahili, nalo ni namna sisi wenye magazeti tunavyoitangaza idadi ya wagonjwa na ya waliofariki. Leo tumeona yafaa tuanze na nafsi zetu, kisha ndipo tuwageukie viongozi wetu wa serikali.

Tunasema wazi tangu mwanzo: tarakimu tupu si habari. Gazeti linapoandika kwamba wagonjwa wamefikia mia tatu, halafu likaishia hapo, limempa msomaji hofu bila ya kumpa maarifa. Mia tatu wa wapi? Tangu lini? Ni wale waliolala kambini leo, au ni wote waliopata kuugua tangu maradhi yaingie? Wamepimwa, au wanadhaniwa? Msomaji asiyepata majibu ya maswali hayo hana la kufanya ila kuogopa, au kupuuza. Yote mawili huua.

Hatusemi haya kwa kubuni. Tuukumbuke mwaka 2015. Tarehe 15 Agosti mwaka ule kipindupindu kiliripotiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na haukupita muda mrefu kikaenea Ilala na Temeke. Wagonjwa wakalazwa katika kambi zilizotengwa, kama vile ya Mburahati na ya Buguruni. Mwezi Septemba maradhi yakavuka bahari na kuingia Unguja. Ilipofika Aprili 2016 nchi nzima ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 24,000, na waliofariki walikuwa zaidi ya 370. Katika miezi yote hiyo magazeti yetu hayakukosa tarakimu hata wiki moja. Yalichokosa ni maana ya tarakimu zile.

Kosa la kwanza lilikuwa ni la kujumlisha. Tuchukue mfano wa kubuni, ili jambo lieleweke. Tuseme Jumapili kambi imekwisha pokea wagonjwa 170 tangu maradhi yaanze. Jumatatu jumla inafika 200, Jumanne 212, na Jumatano 217. Mhariri mwenye haraka ataandika kwa herufi nene: "Wagonjwa waongezeka, sasa 217." Hakusema uwongo. Lakini mwenye kutazama vizuri ataona kwamba Jumatatu waliingia wagonjwa wapya 30, Jumanne 12, na Jumatano 5. Maradhi yanapungua, wananchi wameanza kushika mafunzo, wahudumu wa afya wanastahili kushukuriwa, na gazeti linatangaza maafa. Jumla ya wote waliougua haiwezi kushuka hata siku moja. Hupanda au husimama. Kwa hiyo gazeti linalotangaza jumla peke yake litakuwa linatangaza ongezeko siku zote, hata siku ile maradhi yanapokata roho. Na watu wakisha zoea kusikia ongezeko kila siku, basi siku ongezeko la kweli litakapokuja hawatashtuka.

Kosa la pili lilikuwa ni la mahali. Tuliandika "Kinondoni" kana kwamba Kinondoni ni kijiji. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Kinondoni na watu 1,775,049, na Temeke na watu 1,368,881. Kinondoni peke yake ilikuwa na watu wengi kuliko Unguja na Pemba kwa pamoja, kwani sensa ile ile ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar yote. Ndani ya wilaya hiyo moja walikuwamo wakazi wa Masaki wenye maji ya bomba na majumba ya nafasi, na wakazi wa Tandale ambao choo cha shimo na kisima cha maji hutenganishwa na hatua chache. Kumwambia mkazi wa Tandale kwamba kuna wagonjwa Kinondoni ni sawa na kumwambia mvuvi kwamba kuna upepo baharini.

Tena mipaka yenyewe haikukaa ilivyokuwa. Baada ya miezi ile, Kinondoni ilimegwa ikazaliwa Wilaya ya Ubungo, na Temeke ikamegwa ikazaliwa Kigamboni. Manzese, Kimara na Mburahati, ambazo mwaka 2015 zilihesabiwa katika Kinondoni, sasa zimo katika Ubungo. Mwandishi atakayeilinganisha Kinondoni ya 2015 na Kinondoni ya leo, akaandika kwamba wagonjwa wamepungua, huenda amelinganisha vitu viwili vyenye jina moja.

Kosa la tatu linawahusu zaidi ndugu zetu wa Visiwani, nalo ni la kutotaja idadi ya watu ambao wagonjwa wametoka miongoni mwao. Katika zile hesabu za Aprili 2016, wagonjwa wa Bara walikuwa wapatao 21,000, na wa Zanzibar wapatao 3,000. Mwenye kuzisoma tarakimu hizo mbili zikiwa zimesimama peke yake atasema: Bara imeteketea, Visiwa vimesalimika. Lakini Bara ilikuwa na watu zaidi ya milioni 43, na Visiwa watu milioni moja na laki tatu. Piga hesabu kwa kila watu 10,000. Bara utapata wagonjwa wapatao watano. Zanzibar utapata wapatao 23. Yaani mzigo uliomwangukia mtu wa Visiwani ulikuwa zaidi ya mara nne ya ule uliomwangukia mtu wa Bara. Jambo hilo lilikuwa limelala wazi ndani ya tarakimu ambazo kila gazeti lilikuwa nazo. Ilihitajika kalamu na dakika mbili tu.

Wala lisidhaniwe kuwa ni jambo la wataalamu peke yao. Mzani wa namna hiyo ndio unaoamua dawa zipelekwe wapi, wauguzi waongezwe wapi, na kisima kipi kisafishwe kwanza. Kiongozi aliyeko ofisini huzisoma hesabu kama anavyozisoma mwananchi, na pengine huzisoma katika gazeti hilo hilo. Tukimwonyesha upande mmoja wa mzani, tusimlaumu akielemea upande huo.

Kosa la nne ni la vifo. Wataalamu wa afya wanatufundisha kwamba pale matibabu yanapopatikana upesi, wanaokufa kwa kipindupindu hawapaswi kuzidi mmoja katika kila wagonjwa 100. Katika mlipuko ule wa 2015 na 2016, wastani wa nchi ulikuwa kati ya mmoja na wawili. Katika mlipuko wa mwaka 1997, ambao uliwapata watu zaidi ya 40,000 na kuua zaidi ya 2,200, wastani ulizidi watano. Hapa ndipo ilipo habari. Idadi ya wagonjwa hutuambia hali ya maji na vyoo vyetu; idadi ya vifo, ikipimwa kwa idadi ya wagonjwa, hutuambia kama mgonjwa amefikishwa kwenye tiba kwa wakati. Ni maswali mawili, na wenye kuyajibu ni watu tofauti. Gazeti linapovichanganya vifo na wagonjwa katika sentensi moja, humpa nafasi kila mhusika kumtupia mwenzake lawama. Wala tusisahau kuuliza kama wale waliokata roho majumbani, kabla ya kufikishwa kambini, wamehesabiwa au wameachwa.

Liko na la tano, ambalo ni la wakati. Kipindupindu huweza kumwangusha mtu saa chache baada ya kumeza vimelea, na huweza pia kukaa hadi siku tano kabla ya kujionyesha. Kwa hiyo wagonjwa wa leo wanatueleza habari ya maji yaliyonywewa jana, juzi na mtondo. Tena wengi walioambukizwa hawaugui sana, au hawaugui kabisa, lakini huendelea kuvitoa vimelea chooni. Na mara maradhi yanapokwisha kuthibitishwa mahali, si kila mgonjwa hupimwa katika maabara. Wengi huhesabiwa kwa dalili zao. Basi mwandishi anapoandika "waliothibitishwa" mahali ambapo daktari alisema "wanaoshukiwa", amebadili ushahidi. Na anaposahau kutaja tarehe, amempa msomaji saa isiyo na mishale.

Sisi wengine tulianzia chuoni kabla ya kuingia shule za serikali, na pale chuoni tulifunzwa jambo ambalo hakuna mwalimu wa uandishi aliyetufunza vizuri zaidi. Tulifunzwa kwamba habari haipokewi kwa utamu wake. Huulizwa: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na je, alikuwapo? Wanazuoni wa hadithi walikuwa wakiandika mnyororo wote wa wapokezi kabla ya kuandika maneno yenyewe, na pakikosekana pete moja katika mnyororo ule waliitilia habari shaka. Tarakimu ya wagonjwa nayo ina mnyororo wake: muuguzi wa kambi, mganga mkuu wa wilaya, mganga mkuu wa mkoa, wizara, kisha mwandishi. Je, ni gazeti gani humwonyesha msomaji mnyororo huo? Mara nyingi tunaandika "imeelezwa" na "inasemekana", tukadhani tumekwisha kazi.

Hata wakati ambapo hapakuwa na wizara wala maabara, walikuwapo waliojua thamani ya kuandika vema. Kipindupindu kilipoipiga Zanzibar mwaka 1869 na 1870, alikuwapo hapo daktari mmoja, James Christie, ambaye mwaka 1876 alitoa kitabu kuhusu maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki. Christie hakuuliza watu wangapi tu. Aliuliza maradhi yamepita njia gani, yametoka bandari ipi kwenda ipi, na kwa muda gani. Ndiyo maana hata leo tunaweza kuufuatilia mwendo wake.

Sasa tuwageukie viongozi wetu. Tunafanya hivyo kwa heshima, tena kwa uwazi, maana mwanachama asiyeweza kusema kweli mbele ya viongozi wake hakisaidii Chama wala Serikali.

Mwandishi hawezi kuandika asichopewa. Tarehe 16 Machi 2020 nchi yetu ilimtangaza mgonjwa wa kwanza wa corona. Kwa wiki kadhaa hesabu zikatolewa, Bara na Zanzibar. Mwisho wa Aprili zikafika wagonjwa 480, na mapema mwezi Mei zikafika 509 na vifo 21. Hapo zikakoma. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, jedwali za dunia ziliendelea kuonyesha 509 mbele ya jina la Tanzania, kama saa iliyosimama ukutani. Tarakimu ile haikuwa kweli wala haikuwa uwongo. Ilikuwa imekufa, na hakuna aliyeizika.

Ni nini kilichojaza nafasi iliyoachwa? Uvumi. Simu za mkononi zikawa ndizo wizara, na kila mwenye picha ya mazishi akawa mtakwimu. Tarehe 13 Mei 2020 Ubalozi wa Marekani ukawatangazia raia wake kwamba hatari ya kuambukizwa mjini Dar es Salaam ni kubwa mno. Yaani mgeni aliyekuwa akikaa mjini alipata neno la serikali yake, na mwenyeji wa Mbagala akapata neno la jirani yake. Mwezi Julai mwaka huo huo zikatoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizokataza kuchapisha habari za mlipuko wa maradhi ya kuambukiza bila ya idhini ya wenye mamlaka. Kabla ya hapo, marekebisho ya mwaka 2018 ya Sheria ya Takwimu yalikuwa yamewatia hofu wengi waliotaka kutaja hesabu ambazo hazikutoka serikalini, ingawa mwaka 2019 Bunge lilizirudia sheria hizo na kuondoa adhabu zilizolalamikiwa.

Haki inatulazimu tuseme pia yaliyofuata. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu, na mwezi Mei kamati hiyo ikashauri, pamoja na mambo mengine, kwamba takwimu za corona zirudi kutolewa kwa wananchi na kwa Shirika la Afya Duniani. Mwezi Julai akachanjwa mwenyewe hadharani. Serikali iliyoweza kuigeuza njia yake mchana kweupe haina sababu ya kuogopa hesabu. Tunachoomba ni kwamba jambo hilo lisibaki kuwa hisani ya wakati mmoja, bali liwe desturi ya kazi.

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu. Itasemwa kwamba hesabu huleta taharuki, hufukuza watalii wa Unguja, na huharibu biashara za mama lishe na wauza matunda. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana nyuma yake wako watoto wanaosubiri chakula. Lakini tuitazame kwa makini. Hesabu ya wilaya nzima ndiyo inayomwonea mama lishe wa Mbagala, kwa kuwa humfungia biashara yake kwa sababu ya kisima cha mtaa asioujua. Hesabu ya kata moja moja humwacha afanye kazi pale palipo salama, na humtahadharisha pale pasipo salama. Ama mtalii, yeye hasubiri gazeti letu. Ana ubalozi wake. Anayebaki gizani ni mwananchi. Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Itasemwa vilevile kwamba kuutaja mtaa ni kuwapaka watu wake matope. Tunakubali kwamba jina la mgonjwa, nyumba yake, kabila lake na dini yake si mali ya gazeti, na mwandishi anayeyatangaza bila ya ridhaa amekiuka ubinadamu. Lakini kata si mtu. Kuandika kwamba kata fulani ina wagonjwa wapya 9, na kwamba kisima cha sokoni kimefungwa hadi kipimwe, si kuwatukana wakazi wake. Ni kuwasaidia.

Basi tunashauri mambo machache, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwa wenzetu wa magazeti: tarakimu yoyote ya wagonjwa isitoke bila ya kufuatana na mambo matano. Ni ya tarehe gani. Ni ya kata au shehia ipi. Wapya ni wangapi mbali na jumla. Wamethibitishwa au wanashukiwa. Na nani aliyeitoa. Tarakimu hizo ziwekwe mahali pamoja katika ukurasa ule ule kila siku, ili msomaji azilinganishe mwenyewe. Chini yake iandikwe mistari miwili ya nini cha kufanya: maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, na mgonjwa wa kuharisha anyweshwe maji ya chumvi na sukari huku akikimbizwa kituoni. Na tukikosea, kosa lisahihishwe mahali pale pale lilipotokea, si katika kona ya matangazo ya vitu vilivyopotea.

Kwa viongozi wa serikali, Bara na Visiwani: hesabu itolewe kila siku kwa saa ile ile na kwa mpangilio ule ule, iwe imepanda au imeshuka. Inayotolewa siku nzuri tu haiaminiwi hata siku hizo nzuri. Ishuke hadi kwenye kata kwa upande wa Bara, na hadi kwenye shehia kwa upande wa Zanzibar. Na kwa kuwa boti ya kutoka Dar es Salaam hufika Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, hesabu ya Dar es Salaam ifike Malindi kabla ya abiria. Haifai sheha wa Unguja ajue habari za Temeke kwa kumwona mgonjwa mlangoni pake.

Kwa wananchi: tusizisome tarakimu kama tunavyosoma matokeo ya mpira. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wazima wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Hawakuambiwa tu, walielezwa, wakahoji, wakatenda. Mjumbe wa shina na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanaweza hata leo kuibandika hesabu ya kata yao ubaoni, na kuuliza mbele ya watu: juma hili tumepunguza, au tumeongeza? Kwa nini?

Nyuma ya kila tarakimu moja yuko mtu mmoja aliyebebwa usiku katika bajaji au mkokoteni kutoka uchochoro usiopitika. Hawezi kusema nasi. Alichotuachia ni nafasi yake katika hesabu, ili wengine wasimfuate. Gazeti linalochapa hesabu hiyo ovyo limeihini amana, na ofisi inayoifungia kabatini nayo imeihini. Masika haitangoji tumalize kulaumiana. Kazi hiyo na ianze sasa, mitaro ingali mikavu.